Mheshimiwa, Kahawa Yako Tayari

Mnashangaa kwa nini tunajazana kwenye ile migahawa ya kahawa yenye matawi kila mtaa. Wala siyo kahawa. Wanakuuliza jina, kisha wanaliita kwa sauti laini, na vumbi la Dodoma linabaki nje ya kioo.

Mimi, karani wa masijala, niliwaambia naitwa Mheshimiwa.

Juzi nilimwomba bosi ruhusa niende Mvumi kumwona shangazi aliyelazwa. Badala yake nikaenda kuzama kwenye kochi la mgahawa, macho nimeyafumba nusu, nikijiona nahutubia Bunge.

"Mheshimiwa, kahawa yako tayari!"

Nikainuka taratibu, nikafunga kifungo cha koti. Kwenye foleni alisimama bosi wangu, mzee wa rika la baba yangu. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Shangazi anaendeleaje?"