Buibui wa Nyuma ya Cheti Changu

Mimi ni mfagiaji wa shule ya chekechea, huu mwaka wa ishirini na mbili. Kuandika nimejifunzia ubaoni, nikifuta ya walimu. Herufi zikipinda, soma hivyo hivyo.

Sifa yangu ni moja: shule yangu haina mdudu. Nina cheti cha usafi, kimetundikwa darasani. Kila mwaka namwambia Mkuu hivyo mbele ya wazazi, mkono kiunoni.

Asubuhi moja nikakuta chupa mezani kwa mwalimu mpya. Ndani udongo, majani makavu na vitu vinatembea. Nikavimwaga nje ya ukuta, chupa nikaisugua kwa sabuni ikang'aa, nikakaa nikingoja asante.

Mwalimu mwenyewe, binti wa watu, akaingia, akaiona, akajitupa kwenye kiti cha watoto, magoti yakamfika kidevuni.

"Bibi, wadudu wangu wako wapi?"

"Wamehama."

"Mkuu anakuja saa nne kunitazama nikifundisha! Somo ni wadudu! Nikiharibu leo, kazi sina."

Akaanza kulia. Sasa mimi kuomba radhi sijui, sikufundishwa. Ila wadudu walipo nawajua. Unapigana na mtu miaka ishirini na mbili, utakosa kujua anapolala? Shida ni kwamba nikiwatoa, sifa yangu inatoka nao.

Nikajikaza kisabuni, nikawageukia watoto waliokuwa wakiingia. "Watoto, nifuateni! Atakayekanyaga mtu, namfagia!"

Nyuma ya pipa la maji, jongoo. Chini ya tofali, konokono wawili, wale wazembe. Sisimizi pale bombani, mstari mzima. Mwisho nikakisogeza cheti changu, na nyuma yake buibui mnene, ametulia kama mwenye nyumba.

"Bibi, ana miguu mingapi?" aliuliza Kidomo, msichana asiyefunga mdomo.

"Hesabu mwenyewe, macho si yako?"

Saa nne Mkuu akakuta darasa zima limelala kifudifudi, linahesabu miguu ya jongoo. Wanajua kuhesabu hadi kumi tu, basi wakifika kumi wanaanza moja. Mwalimu amelala nao, sketi vumbi tupu.

Mkuu akanigeukia. "Bibi. Si ulisema shule yako haina mdudu?"

Mwalimu akaniangalia. Ningesema ni wa kwake, kaja nao kwenye chupa. Ulimi uliniwasha kweli.

"Haina mdudu nisiyemjua," nikasema. "Huyu wa pipani, yule wa tofalini. Wa kwangu wote."

Mkuu akainama kucheka, na alipoinama buibui, tuliyemshusha sakafuni, akampanda kiatu. Alivyoruka! Watoto wakapiga makofi, wakaomba aruke tena.

Mwalimu kazi alipata. Cheti nacho kipo, buibui naye karudi nyuma yake, basi hapo sifuti. Juzi niliinua kitambaa tu, Kidomo akanidaka mkono.

"Bibi, piga hodi kwanza. Kuna mtu."

Nikapiga hodi. Usimwambie yeyote.