Namba ya Diski ya Maziko

Waliolifuta daftari la maziko ni wawili: katibu wa chama chetu cha kuzikana na fundi aliyemleta kutoka Kizingo. Wa tatu ni mimi, nami nitafika kwangu.

Ofisi ilikuwa Kibokoni, chumba kimoja chini ya nyumba ya wakfu. Maiti wa chama chetu hawakuwekewa mawe. Kaburi lilijulikana kwa safu na hatua, na hayo yalikuwa kwenye mabuku yaliyoanza kuliwa na mchwa. Mimi niliyeishia darasa la tano nikapewa kompyuta niyachape. Nikachapa kwa vidole viwili, mwaka na nusu. Nilipomaliza, katibu akayatupa mabuku. "Yananuka," akasema.

Ile kompyuta ilikuwa na diski moja iliyokatwa vyumba viwili, C na D. Maziko yalikuwa D. Kila asubuhi nikiifungua, kabla ya kunipa majina ya mafaili ilinionyesha namba, tarakimu zimechanganywa na herufi. Sikujua ya nini. Aliyenifunza aliniambia niandike ninachokiona, basi niliiandika kwenye daftari langu. Kila siku ile ile.

Fundi akaja kuongeza diski ya pili, kuukuu, ya nyumbani kwa katibu. Alipowasha kompyuta nikatazama. D imejaa barua za watu nisiowajua. E ina namba yangu.

"Fundi, hii E ndiyo D ya jana. Namba ni ile ile."

"Bi mkubwa, mgeni hukaa mwisho. E ndiyo iliyoingia leo, naisafisha. Hizo namba urembo tu."

"Si uifungue uone?"

Akamgeukia katibu akicheka. "Kwani huyu ndiye injinia wenu?"

"Mwache mtu afanye kazi yake," katibu akaniambia. "Katuletee chai."

Nikaenda kuleta chai. Hapo ndipo nami nilipoingia.

Nimelifikiria sana. Herufi ni kama sisi tunavyoelekeza nyumba: ya tatu kutoka msikitini. Akijenga mtu katikati, ya tatu si wewe tena. Namba ile chumba cha diski kilipewa siku kilipotayarishwa, na ilikwenda nacho popote kiliposukumwa.

Niliporudi na birika, E ilikuwa tupu, maziko hayamo, ina namba mpya. Nikaiandika pia.

Mkutanoni katibu alisema nilibonyeza vibaya. Nikawatolea daftari: namba ya zamani hii, mpya hii, nayo haibadiliki mpaka chumba kifutwe chote, na kufuta mimi sijui. Wakalipitisha mkono kwa mkono, wakalifunga. "Wa darasa la tano ajua nini?" mmoja akasema. Nikafukuzwa.

Hadi leo kuna mama hunisimamisha sokoni Marikiti. Alifiwa na mwanawe. Wanawake hatufuati jeneza, hakuliona kaburi, na mumewe aliyelijua naye hayupo. "Safu ya ngapi, mwanangu?" Nakumbuka nililichapa jina la yule mtoto. Safu siikumbuki.

Zamani nilikuwa nikimwomba radhi. Siku hizi humwelekeza nyumbani kwa katibu, akamuulize yeye.