Mzeeshaji wa Picha

Mpiga picha wa pale Kisii hufuta vidole kwa leso kabla ya kugusa kompyuta yake, na huongea kwa upole kama muuguzi. Mwaka huo wa 1999 watu walitoka mbali kama Nyaramba kuja kumtazama akizeesha picha. Hupunguza rangi, hutia umanjano, kisha huchora mikunjo ya karatasi kuukuu polepole, ameuma ulimi. Siku niliyoingia mimi, alikuwa akizeesha shamba langu la Itumbe. Kwenye picha, shemeji yangu Manasseh alisimama katikati ya chai niliyopanda na marehemu mume wangu miaka minane tu iliyopita.

“Hii ni ya nini?” nikauliza.

“Ya kesi ya shamba. Mwenyewe anataka ionekane ya mwaka wa sitini na tatu.”

“Shamba ni langu! Hiyo chai nimeipanda kwa mikono hii!”

“Mimi naweka rangi tu, mama,” akasema bila kugeuka, akiongeza mkunjo juu ya kichwa cha shemeji.

Nikang’oa waya ukutani. Kioo kikawa cheusi. Hakukasirika hata kidogo. Alirudisha waya, akanivutia stuli karibu, akauliza kwa sauti ileile ya upole:

“Na yako, mama, tuifanye ya mwaka gani?”