Gololi ya Ishirini na Tano

Mimi nilisoma madarasa mawili tu, lakini habari ya Kuot naiandika mwenyewe, asije mwingine akaiharibu.

Kuot ni fundi wa baiskeli hapa kwetu Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi. Alikimbia vita Sudan Kusini akiwa mdogo. Akifungua foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, huhesabu kwa sauti gololi, vipira vya chuma vinavyokaa kikombeni ili usukani uzunguke. Za kikombe cha chini cha baiskeli yangu ni ishirini na tano. Wenzake humcheka, humwita Mwalimu.

Mwaka jana, 2012, baiskeli yangu ya kubebea makaa ilianza kulia usukani. Nikampelekea, pamoja na mjukuu wangu Akiru wa mwaka mmoja na mkebe wa mafuta ya kondoo ya kuipaka.

"Mama, hiyo inashika mchanga. Tuweke grisi."

"Mafuta haya yamenilea mimi. Weka!"

Akaosha gololi kwa mafuta ya taa, akaanza kuzipanga kikombeni. Akaniambia nisiguse. Niligusa. Nilichovya vidole mkebeni nikampangia.

"Ishirini na nne," akasema. Pengo moja likabaki.

Akiru alikuwa ameketi mchangani kando yetu. Akakohoa. Akakohoa tena, macho yakamtoka.

Nikamvuta kwangu.

Kuot akachukua sumaku ya spika ya redio, akaipitisha mchangani. Ikaja na misumari na nyaya. Gololi hakuna.

"Mama, mtoto amemeza. Akifa hapa, watu wako, wenyeji, wataniacha hai?"

Jibu nililijua. Nikachota mafuta ya kondoo kidole kizima, nimtie Akiru kooni atapike, kama mama yangu alivyotufanyia sisi.

Kidole kilikuwa midomoni mwake tayari. Kuot akaona kitu kinang'aa kidoleni, akanidaka mkono, sumaku bado ameishika. Tangu mume wangu afe hakuna mwanamume aliyenishika hivyo. Nikafungua kinywa nimtukane. Kitu kikaruka kidoleni kwangu, kikagonga sumaku yake: tik.

Gololi, imevaa mafuta yangu; ilikuwa imezama mkebeni nilipokuwa nikimpangia.

Akiru akakohoa mara ya mwisho, akatema ganda la mkoma, tunda la porini aliloliokota mchangani, akaanza kulia.

"Ishirini na tano," Kuot akasema, akakaa chini. 

 Siku hizi natumia grisi. Ila kila akifungua foku nampakata Akiru kwa mikono yote miwili, simwachi mpaka nisikie ishirini na tano.