Nilimgeuza Mama wa Maharage Kuwa Mgeni

Kosa ni langu. Sikudanganywa na mtu, sikuwa nimelewa, na hakuna aliyenilazimisha. Nasema hili mapema kwa sababu nimesoma maungamo mengi ambamo shetani ndiye anayebebeshwa lawama. Kwangu shetani hakuhusika. Ilikuwa akili yangu mwenyewe, na siku hiyo ilifanya kazi vizuri.

Nina mgahawa mdogo Kibondo mjini. Niliishia darasa la saba, lakini nasoma kila karatasi inayopita mkononi mwangu, hata gazeti lililofungiwa nyama. Ndiyo maana kwenye gulio letu la karibu na mpaka wa Burundi walinichagua kuwa katibu wa kamati.

Maharage ya mgahawa niliyanunua kwa mama mmoja nitakayemwita Mama Yusta. Wazazi wake walikuja wakiwa wakimbizi kutoka Burundi. Yeye alipewa uraia, na analima kwenye bonde la upande wetu. Maharage yake yanaiva upesi. Akinipimia, alijaza debe mpaka likawa na kilima, kisha akaongeza kiganja.

"Hiyo ya watoto," alikuwa akisema.

Alinisalimia kwa Kiha, "Mwakeye," na kuniita baba wa mwanangu wa kwanza, kama tunavyoitana huku. Wateja asiowajua aliwapimia kwa kulisawazisha debe na fimbo. Hakuna dhambi hapo, ni biashara.

Mwaka 2013 redio zilijaa habari za nchi jirani kupandishiana tozo za malori. Haukupita muda, wenzetu wa ng'ambo ya mpaka wakapandisha ushuru wa chumvi na dagaa kutoka kwetu. Wafanyabiashara wetu walirudi wamefura. Kikao kikaitishwa.

Nilisimama. Nikaeleza kwa utulivu kwamba jirani akikupandishia, nawe umpandishie mara mbili, atashuka mwenyewe. Jamani, walishangilia! Sijawahi kushangiliwa namna ile, hata siku ya harusi yangu.

Mwenyekiti, mzee muuza chumvi, aliuliza swali moja tu.

"Katibu, Mrundi utamjuaje? Sura zetu moja, lugha zetu zinasikilizana. Mke wangu mwenyewe katoka huko. Nimtoze?"

"Mtoze, mahari irudi!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma. Kikao kizima kikacheka.

Jibu nilikuwa nalo. Wanaotoka ng'ambo hupita njia ya bondeni. Tuweke kizuizi pale, na kila apitaye alipe ushuru wa mgeni, isipokuwa mwenye karatasi ya uraia. Nilijua kwamba familia kadhaa za raia wenzetu, pamoja na Mama Yusta, hazina njia nyingine ya kufika gulioni. Nilijua! Nikasema moyoni kwamba ni wachache, tutarekebisha baadaye.

Gulio lililofuata nilisimama kizuizini kuhakikisha utaratibu unafuatwa. Mama Yusta akatokea, anasukuma baiskeli yenye gunia. Mkusanyaji ushuru, mwanamama mwenye sauti kubwa, akamsimamisha.

"Mimi Mtanzania, dada."

"Leo kila anayepita hapa ni Mtanzania! Karatasi iko wapi?"

"Iko nyumbani. Nani anabeba karatasi ya uraia kwenda kuuza maharage? Muulize baba huyo hapo. Maharage yangu anayapika kila siku."

Wote wakanigeukia. Nyuma yangu walikuwa wauza dagaa wale wale walionishangilia. Nikawaza, nikimpitisha watasema nalinda chungu changu.

Nikajibu, "Namfahamu kama muuzaji. Uraia wake siwezi kuuthibitisha."

Hayo ndiyo maneno yangu, na niliyapanga kabla ya kuyatoa. Siku aliyopewa karatasi ile alipika pilau. Mimi nilikuwepo. Niliongezwa sahani.

Hakulia, hakunitukana. Alisema tu, "Basi nirudi kwetu." Akaigeuza baiskeli, akashuka bondeni na gunia lake. Kwao, nawakumbusha, ni Tanzania.

Ng'ambo hawakushuka. Walipandisha tena, nasi tukapandisha tena. Gulio likakonda mpaka wauza dagaa wakabaki kuuziana wenyewe kwa wenyewe.

Mimi nikaanza kuagiza maharage Kasulu. Yalikuja kwa basi, ya zamani na magumu, na nauli yake juu. Mkaa uliisha yakiwa bado yanagonga sufuria. Mwalimu mmoja, mteja wangu wa kila mchana, aliinua kijiko akaniita.

"Mzee, haya ni maharage au kete za bao?"

"Cheza tu, mwalimu," akasema nesi aliyekaa naye meza moja. "Ukimfunga atakupa chai ya bure."

Nikapunguza kipimo, nikapandisha bei. Wateja wakahamia kwingine bila ugomvi, na hao wasiogomba hawarudi. Mpishi wangu, mama mwenye watoto ambaye hakuhudhuria kikao chochote, nilimwachisha kazi. Nikabaki na chai na maandazi.

Baadaye wakubwa walikaa, wakaelewana, ushuru ukarudi ulivyokuwa. Kizuizi hakikusumbua kuondoa. Kilikuwa mti mmoja tu.

Nikaenda bondeni kuomba radhi. Mama Yusta alinipa kigoda, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Yameisha," akasema.

Nilifurahi jamani! Nikaomba debe la maharage, nianze tena kupika.

Akajaza debe mpaka likawa na kilima. Kisha akachukua fimbo, akalisawazisha. Yaliyomwagika aliyaokota, akayarudisha guniani.

"Karibu tena, Katibu," akasema, kwa Kiswahili.

Kipimo kilikuwa sahihi na bei ilikuwa ya soko. Sina la kulalamikia, na hilo ndilo linaloniuma. Mpaka leo nanunua kwake. Fimbo bado anaishika.

Wewe unayesoma, siku ukisikia watu wanashangilia kumkomoa jirani, usiwe mwepesi wa kusimama na kuwaonyesha namna. Nenda kwanza jikoni kwako, funua chungu, ujiulize kilichomo kilipita njia gani kukufikia. Mimi njia niliijua, na kizuizi nikakiweka hapo hapo.