Taa Zilizomwitikia Immakulata

Stanislaus alikuwa fundi umeme wa pikipiki pale Kibondo mjini, na hakuna kilichomchefua kama mteja aliyemletea pikipiki mbovu pamoja na habari za mizimu. "Pikipiki niachie," alikuwa akisema, "mzimu rudi nao nyumbani." Kila chombo alikipima kwa balbu ndogo yenye nyaya mbili, akianzia kwenye injini na kuufuata umeme taratibu mpaka kwenye betri, hata mwenye pikipiki akiwa amemsimamia anafoka. Huku akipima alinong'ona Kiha, akiziuliza nyaya umeme umeishia wapi. Mkewe alilalamika kwamba nyaya zinasemeshwa kuliko yeye.

Gari moja tu lilimshinda kulisogelea. Lilikuwa la Reverien, mchomeleaji wa Murungu, rafiki yake wa tangu ujana. Reverien alikuwa ameliunda mwenyewe mwaka 2012, kwa injini ya pikipiki, vyuma vya vitanda na matairi ya bajaji, na nyaya zote alizitandaza Stanislaus. Walicheka mpaka machozi siku lilipotembea. Mwanzoni mwa 2014 Reverien akaugua, akafa, na tangu mazishi Stanislaus hakukanyaga Murungu. Alisingizia kazi. Ukweli ni kwamba alikuwa akiumia, na aliogopa kuliona lile gari bila mwenyewe.

Matanga yalipokaribia kuondolewa, vitu vya marehemu vikasafishwa kama ilivyo desturi. Mjane wake, Immakulata, hakuona haya kupitiliza. Alimwita Isack, mdogo wa marehemu, wakafungua gari lote hadi nati za chini ya viti, akalipaka rangi ya bluu iliyosalia baada ya kupakwa milango ya kigango, kanisa dogo la kijiji, kila chuma mara mbili. Likang'aa kama sahani mpya. Wiki ile ile betri ikaanza kufa njiani.

Na hapo watu wa Murungu, ambao kwa kukuza mambo hawajambo, wakapata la kusema. Maana kulikuwa na jambo la kweli la kushangaza: injini ikiunguruma, taa zilififia, lakini Immakulata alipokaa kwenye kiti chake cha pembeni, kile alichochomelewa na mumewe, zilipanda zikawaka vizuri. Akaketi mwingine, hakuna kitu. Isack alijaribu, mwalimu wa kwaya alijaribu. Taa zilimjua mmoja tu. Wakasema marehemu amekasirika gari lake kufunguliwa, na anamwitikia mkewe peke yake.

Ukoo haukupenda. Isack alikwenda Kasulu akanunua regyuleta mpya, kile kidude cha aluminiamu kinachopokea umeme wa injini na kuupeleka kwenye betri, akaifunga mahali pa ile ya zamani, na hali ikabaki vile vile. Wakaamua: lisipopona kabla ya Jumapili, likatwe liuzwe vyuma chakavu. Ndipo Immakulata alipomfuata Stanislaus gereji kwake.

"Shemeji, njoo ulitazame. Wakilikata wamenimaliza."

"Nitakuja, shemeji."

"Umesema hivyo tangu msibani."

Aibu ikamshika, akapakia vifaa.

Walifika Murungu alasiri, wingu la mvua limefunga, na banda la Reverien la kuchomelea, lilimokaa gari, lilikuwa na giza. Stanislaus alishika usukani. Mahali pale palinukia bado moshi wa kuchomelea, na mara mbili aligeuka nyuma, akiwa na hakika kwamba mtu amesimama pale anamsubiri amalize. Hakuwapo mtu. Akawasha injini, akaanza kupima. Koili za injini, zile zinazozalisha umeme, zilikuwa nzima, balbu iliwaka kwa nguvu. Nyaya zilikuwa nzima pia. Regyuleta ilipokea umeme, lakini kwenye betri hakikufika kitu.

"Kaa kwenye kiti chako, shemeji," alisema.

Immakulata akakaa. Taa zikapanda, ukuta wa banda ukawa mweupe. Nywele zikamsimama Stanislaus, yeye aliyewacheka wote.

"Nilikuwa sijalala vizuri tangu afe," Immakulata alisema, akizitazama. "Siku hizi kila jioni nawasha, nakaa, namwambia ya mchana. Akinisikia zinapanda. Nawe umeona?"

"Ego, nimeona."

Lakini mikono ya fundi haikujua kuacha. Aliinama kutazama kilichokuwa chini ya kiti kile. Hapo ndipo ilipokaa ile regyuleta, imefungwa kwa nati mbili juu ya rangi ya bluu. Mwili wa kidude kile ndio waya wake wa pili, wa kurudishia umeme, sharti uguse chuma kitupu. Mapenzi ya Immakulata yalikuwa yamekifunika chuma mara mbili. Uzito wake ulipokilemea kiti, fremu ilipinda kidogo, nati ikauma kwenye mkwaruzo wa rangi na kugusa chuma, umeme ukapita. Isack na mwalimu wa kwaya walikuwa vijiti tu, na yeye mama mwenye mwili wake.

Stanislaus alimwomba ainuke. Akafungua nati, akakwangua rangi mpaka chuma kikatoa weupe, akafunga tena. Taa zikapanda hapo hapo, kiti kikiwa kitupu.

"Ilikuwa rangi, shemeji," alisema. "Hakukasirika mtu. Gari limepona, hawatalikata."

Immakulata akarudi kwenye kiti. Alikaa. Taa hazikubadilika. Akainuka, akangoja, akakaa tena polepole, mkono mmoja juu ya goti, akiukazia macho ukuta. Mwanga ulikuwa ule ule.

Stanislaus alisimama na spana mkononi, akatamani angekuwa fundi mbovu.

"Naweza kuilegeza nati kidogo," alisema. "Irudi kama mwanzo."

"Ili nijidanganye?" Alishuka, akaipangusa bodi kwa ncha ya kitenge chake. "Zima, shemeji. Halafu ukipita kwa Isack mwambie aje alichukue, abebee mihogo yake. Mimi sikuwa nang'ang'ania gari."