Kikombe cha Mafuta ya Kondoo

Kazi yangu ni kuwanenepesha nzi. Ni wale wadogo wanaozunguka ndizi zilizoiva. Tunawafuga kwenye chupa katika maabara moja hapa Arusha. Kundi moja hupewa uji mgumu wa unga wa mahindi, sukari na hamira. Kundi la pili huongezewa mafuta ya nazi. Nzi ana moyo, kimrija chembamba chini ya ngozi ya mgongo, na kwa hadubini unauona ukidunda. Wale wa mafuta, baada ya siku kadhaa, moyo unadunda, unasita, unadunda mara mbili kwa pupa, unasita tena. Nimeuona ukisita hivyo hadi chipsi zimenishinda, na wenzangu wananicheka.

Basi daktari alipotuambia kwamba moyo wa baba umechoka na mafuta ayaache kabisa, mimi sikuhitaji kueleweshwa.

Tulimrudisha nyumbani, juu ya Kikatiti, amekonda mpaka suruali inafungwa kwa kamba. Shangazi, dada yake mkubwa, alimtazama mara moja akanigeukia. Kwetu mgonjwa akitoka hospitali, mtoto wa kwanza humchinjia kondoo. Mafuta ya mkia yanayeyushwa, naye anayanywa yangali moto mbele ya ukoo. Mtoto wa kwanza ni mimi.

"Shangazi, daktari amekataza," nilisema. Kisha nikaeleza habari za nzi, na hapo ndipo nilipoharibu.

"Kwa hiyo baba yako ni nzi?" akauliza. Jamaa waliokuja kumpokea wakacheka. Baba naye akacheka, akakohoa. "Amesomeshwa kwa kahawa ya huyu mzee, leo anamnyima mafuta," shangazi akaongeza.

Maneno hayo yaliniingia. Nina kiburi, sikatai. Njaa naivumilia, kusemwa siwezi. Jumamosi nikaleta kondoo. Nilijidanganya kwamba kikombe kimoja hakiui mtu. Mafuta ya mkia niliyayeyusha mwenyewe, nikampa baba kwa mikono miwili. Alikunywa polepole, akafuta midomo, akaniwekea mkono kichwani na kunibariki. Shangazi akapiga kigelegele. Mimi nilikuwa nakitazama kifua cha baba.

Wageni walipoondoka tulibaki wawili barazani. Nikamwuliza anajisikiaje.

"Kifua kinabana kidogo," alisema. "Ile habari yako ya nzi niliielewa siku ile ile."

"Sasa mbona umekunywa, baba?"

"Mzee akikataa kondoo wa mwanawe, watu husema amemlaani. Ungeishije na maneno hayo, mwanangu?"

 Kondoo yule nilikuwa nimemleta kwa sababu hiyo hiyo, ili nisisemwe. Nikamshika mkono, ulikuwa wa baridi na una jasho, nikampigia simu jirani mwenye gari aje aturudishe hospitali.